Mafuta ya Wembere yasubiri, maji ya Singida yapimwe kwanza

*Utafutaji wa mafuta bonde la Eyasi-Wembere unaendelea, na bomba la mafuta linalopashwa joto limepita mkoani. Kipimo cha maji ya leo ndicho kitakachoamua ugomvi wa kesho.*

Kiangazi kikikolea upande wa Iramba, makorongo hubaki mchanga mtupu. Mwanamke hupiga magoti, huchimba kwa sahani ya bati mpaka mkono unazama hadi begani, kisha hungoja. Maji hujikusanya polepole chini ya shimo yakiwa na rangi ya udongo. Huyachota kwa kikombe na kuyamimina kwenye dumu la lita 20. Dumu likijaa, wa pili hushika zamu.

Penye kisima cha pampu ya mkono foleni ni ya madumu. Maji yake ni maangavu, ila ladha hubaki ulimini: chumvi kidogo, magadi kidogo. Na kwenye vijiji kadhaa vya mkoa huu, mtoto akicheka unayaona meno yenye madoa ya kahawia. Hayo ni madhara ya floraidi, madini yaliyomo ardhini tangu enzi na enzi.

Chini ya ardhi hiyohiyo, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) linatafuta mafuta. Na katika wilaya za Iramba, Mkalama na Singida umepita mkuza wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, maarufu kama EACOP. Bomba hilo limefukiwa ardhini, na mafuta yatakayopita ndani yake lazima yapashwe joto muda wote.

Mafuta ya Singida hayajapatikana, na huenda yasipatikane. Lakini mzozo wa maji hausubiri mafuta yapatikane. Siku mwanakijiji atakaposema kisima chake kimeharibika, na kampuni ikajibu kwamba kilikuwa hivyo tangu zamani, wote wawili watahitaji karatasi moja: matokeo ya vipimo vya maji vya kabla ya mtambo wa kuchoronga kufika.

Luono, kisima cha utafiti

Bonde la Eyasi-Wembere limekatiza mikoa ya Singida, Tabora, Simiyu, Shinyanga na Arusha. Ni tawi la Bonde la Ufa, eneo tambarare ambalo mvua ikinyesha hugeuka mbuga ya tope na jua likiwaka hupasuka nyufa. Wasukuma na Wataturu huchunga ng'ombe humo, Wanyiramba hulima mtama na alizeti, na kwenye Ziwa Kitangiri watu wanaishi kwa uvuvi.

TPDC ilianza kulichunguza bonde hilo kutoka angani, ndege ikipima nguvu ya mvutano wa ardhi. Mashapo mepesi yana mvutano mdogo kuliko miamba migumu, hivyo vipimo vya angani huonyesha mahali ambapo mashapo yamerundikana kwa unene mkubwa.

Baadaye vilichorongwa visima vifupi vitatu vya utafiti: Kining'inila wilayani Igunga, Nyalanja wilayani Meatu, na Luono wilayani Iramba, mkoani Singida. Ukafuata ukusanyaji wa takwimu za mitetemo, ambapo ardhi hutikiswa na mwangwi wake kurekodiwa ili kuchora tabaka zilizo chini.

Visima vifupi vya namna hiyo si vya kutoa mafuta. Vinatoa mawe. Wataalamu huvuta vipande vya mwamba mmoja baada ya mwingine, huvipanga kwenye masanduku na kutafuta mambo matatu: mwamba mama unaozalisha mafuta, mwamba wenye vinyweleo vya kuyahifadhi, na tabaka gumu la kuyaziba yasitoroke.

> Mwamba mama ukiwa mbichi, una malighafi ya mafuta lakini hauna mafuta.

Mwamba ulioiva na mwamba mbichi

Mafuta ni mabaki ya viumbe vidogo, hasa mwani, vilivyokufa majini na kufukiwa kwenye tope. Tope likawa mwamba, na mabaki yakawa kitu kigumu cheusi kiitwacho kerojeni. Kerojeni hailowi wala haichuruziki. Ili iwe mafuta, mwamba sharti ushuke kilomita kadhaa chini na kukaa kwenye joto la takribani nyuzi 60 hadi 120 za Selsiasi kwa mamilioni ya miaka. Wenye taaluma husema mwamba umeiva.

Wembere kuna dalili nzuri ya hatua ya kwanza. Mashapo na mabaki ya viumbe vya kale yaliyochimbuliwa bonde la Manonga, jirani tu na Igunga, yanaonyesha kwamba mamilioni ya miaka iliyopita hapo palikuwa na ziwa. Penye ziwa la kale pana uwezekano wa tope lenye mwani. Linalotafutwa sasa ni kama tope hilo lilifukiwa chini vya kutosha kuiva.

Majirani walikuwa na bahati. Uganda ilithibitisha mafuta katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Kenya ikafuata mwaka 2012 kwa kisima cha Ngamia-1 huko Lokichar, Turkana. Kote kuwili mafuta yalitokana na tope la maziwa ya kale, na kote kuwili yana tabia moja: yamejaa nta. Yakipoa huganda.

Colorado walivyojenga ukuta wa barafu

Wapo walioukuta mwamba mbichi wakaamua kuuivisha wenyewe. Katika jimbo la Colorado, Marekani, kuna mawe ya Green River, tope la maziwa ya takribani miaka milioni 50 iliyopita. Kerojeni yake ni nyingi mno, ila haikuwahi kuiva.

Kampuni ya Shell ilifanya majaribio hapo kwa miaka mingi katika mradi ulioitwa Mahogany. Ilitoboa mashimo, ikashusha vipasha joto vya umeme na kuuchemsha mwamba ukiwa palepale ardhini, hadi zaidi ya nyuzi 340. Katika jaribio moja la miaka ya 2004 na 2005, kieneo kidogo kilitoa mapipa yapatayo 1,700 ya mafuta mepesi.

Joto lilifanya kazi. Kilichowasumbua ni maji. Mwamba ukishapashwa moto hufunguka, na maji ya ardhini yakiingia hubeba kemikali zilizozaliwa humo, ikiwamo benzini. Shell ikajaribu kuzungusha eneo ukuta wa barafu: mabomba yenye kimiminika baridi sana yalishushwa pembeni, ardhi ikaganda, na visima vya uangalizi vikawekwa ndani na nje ya ukuta ili kuona kama kuna kinachovuja.

Mwaka 2013 kampuni iliachana na mradi huo. Hata hivyo, utaratibu wake unafaa kuigwa na yeyote anayegusa mwamba wa mafuta karibu na maji ya watu: visima vya kuangalia maji vilitangulia, vikaendelea kupimwa wakati wa kazi na baada ya kazi. Hakuna aliyetangaza mpango wa kupasha mwamba moto Singida. Lakini utafutaji wa kawaida nao hutoboa tabaka za maji kabla ya kuifikia miamba ya chini, na joto la chini ya ardhi limeshaingia mkoani kwa mlango mwingine.

Bomba lisiloruhusiwa kupoa

Mafuta ya Uganda hayawezi kusafiri yakiwa baridi. Ndiyo maana EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kuyaweka mafuta kwenye joto lisilopungua nyuzi 50. Kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Likianza kazi litakuwa bomba refu kuliko yote duniani la mafuta ghafi yanayopashwa joto.

Mabomba ya chuma yenye kipenyo cha inchi 24 yalipelekwa kwanza kwenye kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kilichozinduliwa Machi 2024. Hapo kila kipande cha mita 18 huvikwa povu zito la kuzuia joto lisitoke, kisha gamba gumu la plastiki. Kebo za umeme za kupasha joto na nyaya za mawasiliano zenye uwezo wa kutambua uvujaji hufuatana na bomba njiani.

Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifikiwa Februari 2022. Hisa zimegawanywa hivi: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, Uganda asilimia 15 kupitia shirika lake la mafuta, UNOC, Tanzania asilimia 15 kupitia TPDC, na CNOOC ya China asilimia 8. Kufikia mwaka 2025 ujenzi ulikuwa umevuka nusu.

Kwa mkulima wa Singida, joto lenyewe si tishio kubwa, kwa kuwa povu hulizuia. La kuangaliwa ni mambo matatu: uvujaji, mahali bomba linapokatiza mito na ardhi oevu ya Wembere, na maji mengi yanayotumika kulijaribu bomba kwa shinikizo kabla halijapitisha mafuta. Maji hayo hutoka mahali fulani na kumwagwa mahali fulani.

Bonde lisilotoa maji nje

Singida iko ndani ya Bonde la Kati, moja ya mabonde tisa ya maji nchini. Makao makuu ya bodi yake yako hapohapo Singida mjini. Tabia ya bonde hili ni ya pekee: mito yake haifiki baharini. Mto Wembere humwaga Ziwa Kitangiri, kutoka Kitangiri maji hushika Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na Eyasi haina pa kuyapeleka. Jua huyakausha na kuacha chumvi.

Maana yake ni kwamba kinachoingia hakitoki. Mto uendao baharini huweza kusukuma uchafu mbali baada ya misimu kadhaa ya mvua. Hapa, kemikali isiyooza itabaki bondeni, iwe kwenye tope la Kitangiri au kwenye visima vya kandokando.

Juu ya hayo, maji ya Singida yana matatizo yake ya asili. Floraidi ni moja. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kwa sababu maeneo mengi yasingepata kisima hata kimoja kama kiwango cha miligramu 1.5 cha Shirika la Afya Duniani kingetumika. Sasa kiwango cha taifa nacho kimeshuka hadi 1.5. Chumvi ni tatizo la pili: maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo mjini kabisa, hayanyweki.

Kwa hiyo mkoa huu una hatari isiyo ya kawaida. Maji yakichafuliwa kweli, ni rahisi kukana: yalikuwa mabaya siku zote. Na yasipochafuliwa, ni rahisi vilevile kumsingizia mwenye mtambo.

> Bila kipimo cha awali, mwenye kisima hana ushahidi na mwenye mtambo hana kinga.

Pande zinazovutana

Serikali na TPDC wana hoja nzito. Tanzania ina gesi nyingi tangu ugunduzi wa Songo Songo mwaka 1974, lakini haijapata mafuta ya kuuza. Kila lita ya petroli na dizeli hununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Mafuta yakipatikana Wembere, bomba la kuyapeleka Tanga limeshapita jirani, na shirika la umma tayari ni mwanahisa. Kwa mkoa uliozoeleka kutajwa kwa alizeti, vitunguu na kuku, hilo ni tumaini kubwa.

Watetezi wa mazingira wana hoja zao. Novemba 2020, mashirika manne ya kiraia yalifungua kesi ya kupinga mradi wa EACOP katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Novemba 2023 mahakama iliitupa kwa sababu ilifunguliwa nje ya muda, bila kuamua hoja za mazingira zenyewe. Septemba 2022 Bunge la Ulaya nalo lilipitisha azimio la kuupinga mradi, na Uganda na Tanzania zikalijibu kwa ukali kuwa ni kuingilia maamuzi ya nchi huru.

Wapo pia waguswa wa mradi, kaya zilizotoa ardhi kupisha mkuza na kulipwa fidia. Kwao mjadala huwa wa karibu zaidi: fidia ilichelewa kiasi gani, ng'ombe watavuka wapi, kisima kilichokuwa shambani kitafidiwa vipi. Na wafugaji wa kuhamahama, ambao hawana hati ya shamba lolote, huhesabu malisho na mahali pa kunyweshea.

Kinachoshangaza ni kwamba pande zote hizi zinaweza kukubaliana juu ya jambo moja. Anayetaka mafuta anahitaji ushahidi wa kumlinda. Anayeyapinga anahitaji ushahidi wa kumshtaki. Mwanakijiji anahitaji kujua anachokunywa, mafuta yawepo yasiwepo.

Somo la Mto Mara

Machi 2022 maji ya sehemu ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya kitaalamu iliundwa, ikaja na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza hewa majini. Wananchi wengi hawakuamini. Mtandaoni jibu hilo lilifanyiwa mzaha.

Inawezekana kamati ilikuwa sahihi. Lakini matokeo yalitangazwa baada ya tukio, na wanakijiji hawakuwa na vipimo vya miezi iliyotangulia vya kulinganisha. Sayansi inayokuja baada ya samaki kufa hupokewa kama utetezi.

Chupa isiyo na kiputo

Kupima maji ya awali si jambo la anasa. Fundi hufika kisimani na kupampu kwanza kwa dakika kadhaa, ili yale yaliyolala kwenye bomba yatoke na maji mapya ya ardhini yapande. Hutumbukiza kipimo kwenye ndoo kusoma joto, uchachu na uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao huonyesha wingi wa chumvi.

Kisha huja chupa. Ya madini huoshwa kwa maji yaleyale kabla ya kujazwa. Ya benzini ni ndogo, ya kioo, na hujazwa mpaka juu kabisa. Fundi huigeuza kichwa chini na kuigongagonga kwa kidole kuona kama kuna kiputo cha hewa. Kikionekana kiputo hata kimoja, chupa humwagwa na kazi huanza upya, maana benzini hukimbilia hewani. Chupa hubandikwa lebo yenye jina la kisima, tarehe na saa, na kuingia kwenye sanduku la barafu kuelekea maabara.

Orodha ya vitu vya kutafuta inajulikana. Floraidi, chumvi na naitreti kwa ajili ya hali ya asili. Bariamu, kwa kuwa madini yake hutumika kuongeza uzito wa tope la kuchorongea. Benzini na ndugu zake, ambao ni alama ya mafuta. Na gesi ya methani, ikipimwa pamoja na asili yake, ili ijulikane kama imetoka kwenye kinamasi cha juu au kwenye mwamba wa chini.

Vipimo vya mara moja havitoshi. Kisima kimoja huwa na chumvi zaidi mwishoni mwa kiangazi na kidogo baada ya mvua. Asiyejua hilo atalinganisha Oktoba na Aprili na kutangaza uchafuzi ambao haupo, au kuficha uliopo.

Sheria ipo, ubao wa matangazo uko tupu

Nchi haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazipa bodi za mabonde mamlaka ya kutoa vibali vya kuchukua maji na kutiririsha majitaka. Sheria ya Petroli ya 2015 iliunda Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) kusimamia utafutaji. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, na mwaka 2016 sheria ya haki ya kupata taarifa.

Tatizo ni mahali taarifa zinapoishia. Ripoti ya tathmini huwa na kurasa kwa mamia, nyingi kwa Kiingereza, na hukaa kwenye tovuti ya kampuni au kabati la ofisi. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kinachokusanya shilingi za dumu kila siku chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), hakina nakala ya ukurasa mmoja unaohusu kisima chake.

Marekebisho yake si makubwa. Bodi ya Maji Bonde la Kati iteue visima na makorongo ya uangalizi kuzunguka maeneo yatakayochorongwa na kandokando ya mkuza. TPDC na EACOP walipie, lakini wasichague maabara wala wasishike chupa peke yao. Mjumbe wa chombo cha maji cha kijiji awepo sampuli zikichukuliwa na atie saini. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kiwango kinachoruhusiwa kikiwa kando ya kilichopatikana.

Mafuta yasipopatikana, fedha hizo hazitakuwa zimepotea. Mkoa utakuwa na ramani ya floraidi na chumvi kisima kwa kisima, kitu ambacho RUWASA inakihitaji hata kama TPDC itafungasha na kuondoka.

> Gharama ya kupima ni ndogo. Isiyolipika ni gharama ya kutojua.

Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Sampuli zikichukuliwa mwishoni mwa kiangazi na nyingine baada ya mvua, mwaka mmoja unatosha kuwa na kumbukumbu ya mwanzo. Hatua inayofuata ya utafutaji ni kisima kirefu, na mtambo wa kukichoronga ukishawashwa, nafasi ya kuupata mwaka huo imepotea.